Mdomo wa Kuombea Kazi

Jumatano asubuhi Obadia Nyagawa alipewa siku tatu za kutafuta mdomo.

Ndivyo watu wa Makambako walivyouita. Kwenye karatasi za serikali uliandikwa wakala wa ajira, lakini nani ana muda wa kuyasema maneno yote hayo. Ukikutana na mtu akakuuliza habari za kazi, kwanza atataka kujua una mdomo gani. Tangu ule mwaka watu walipokanyagana kwenye geti la kiwanda wakafa kumi na wanne, wakubwa walipitisha kwamba hakuna tena mtu kuomba kazi kwa miguu yake. Mdomo wako unaongea na mdomo wa mwajiri huko huko hewani, kwa muda wa kukohoa mara moja, nawe unaletewa jibu. Huruhusiwi kuwa na midomo miwili. Na ukishachagua umechagua, mpaka miaka mitano ipite.

Obadia alikuwa na miaka hamsini na minane na hajawahi kuuhitaji mdomo wa mtu. Miaka ishirini na miwili alisuka mota zilizoungua katika karakana moja tu, na kazi hiyo aliipata zamani kwa kugonga mlango na kusema jina lake. Kisha mkewe akaugua figo, naye akaacha kazi akae naye. Sasa Zelina alikuwa kaburini mwezi wa kumi na nne, na barua iliyokuja ilisema kuwa mtu yeyote aliyekaa nje ya kazi zaidi ya miaka mitatu bila wakala atafutwa kwenye Daftari la Wafanyakazi ifikapo Ijumaa saa tisa alasiri. Ukifutwa, hurudi. Unapelekewa unga nyumbani kila mwezi na unaambiwa utulie. Kutulia ndiko hasa alikokuwa anakuogopa. Alikuwa ametulia mwaka mzima na zaidi katika nyumba ya vyumba viwili, na alishajua kila sauti ya bati lile upepo unapoligusa.

Pale ofisi ya ajira alikuwepo karani mmoja tu mwenye damu, mwanamke wa Kinyakyusa aitwaye Tupokigwe, ameketi nyuma ya kioo na sweta limefungwa mpaka shingoni. Alimpa kidude cha kuweka sikioni, kidogo kama punje ya hindi, akamweleza kwamba humo mna midomo ya kuonja. Aongee nayo, aone upi unamfaa, kisha Ijumaa aje kwenye kibanda kile cha pembeni athibitishe kwa sauti yake.

"Na usiringe sana, baba," akamwambia. "Na yenyewe inachagua."

*

Mdomo wa kwanza uliitwa Njia Nyeupe. Aliuweka sikioni jioni, chungu cha ugali kikiwa mezani. Alikuwa bado anasonga ugali wa watu wawili. Kupima unga wa mtu mmoja alijaribu, ukawa unamtoka kama uji wa mtoto, akaacha kujaribu. Mabaki alimpa mbwa wa jirani, na mbwa yule sasa ndiye mgeni pekee aliyefika pale kwa saa.

"Shikamoo, mzee wangu," Njia Nyeupe ikasema.

Obadia akaitika marahaba, tena kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Akaona haya. Ndani ya nyumba ile hapakuwa pamesikika shikamoo tangu matanga yaishe, na hapo alipo alikuwa karibu kukisogezea kile kidude kiti.

Ikamuuliza jina, ikamuuliza fani. Alipotaja kusuka mota ikasema vizuri sana, fundi wa mikono anatafutwa. Halafu ikanyamaza kidogo, kama mtu anayefungua jalada. Iliporudi, sauti ilikuwa imepoa. Ikampa pole kwa kuugua. Ikasema miaka mitatu ni mingi, na kwa hali yake waajiri wake wasingeweza kumbeba, ila inamtakia afya njema. Kidude kikalia ti, kikanyamaza.

Alibaki na tonge mkononi. Yeye hakuwahi kuugua. Tangu azaliwe alilazwa mara moja, alipoanguka kutoka juu ya msonobari akiwa mtoto.

Alhamisi ofisi ilipofunguliwa alikuwa ameshafika mlangoni. Tupokigwe alifungua jalada, akalisoma, akamgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe. Palikuwa pameandikwa kuwa Obadia Nyagawa aliacha kazi kwa hiari yake kwa taarifa ya simu, sababu: *anaugua nyumbani*.

"Sikusema naugua," Obadia akasema. "Nilisema nauguza."

Karani akasema taarifa hizo hupokewa na mashine, na sauti yake ilihifadhiwa, kama anataka aisikie. Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamume ananong'ona, haraka haraka, mdomo umebanwa kwenye simu. Obadia aliikumbuka asubuhi ile. Alikuwa amesimama ukumbini, ameipa nyumba mgongo, hakutaka Zelina asikie kwamba anaacha kazi kwa ajili yake. *Nauguza nyumbani*, lakini ile z ilipita kama pumzi, na mashine iliyofundishwa na watu wasionong'ona haikuiona.

Tena nyuma ya mnong'ono ule, kwa mbali, kulikuwa na sauti nyingine. Ya mwanamke, imekauka kidogo, ina kucheka ndani yake. *Unamsengenya nani huko?*

Obadia akashika ukingo wa meza.

Akaomba irudiwe. Tupokigwe akarudia. Akaomba tena, na karani akaangalia kamera iliyo juu ya mlango, akasema kwa upole kwamba mara mbili ndiyo ruhusa. Akamwacha apanguse uso. Kisha akamweleza habari ya kusahihisha, na hapo Obadia akaanza kuelewa jinsi alivyofungwa pande zote.

Kila shughuli katika Daftari ina namba yake. Kulima kuna namba, kusuka mota kuna namba, hata kulinda makaburi. Muuguzi mwenye cheti ana namba. Lakini kumuuguza mtu wako nyumbani hakuna namba. Walioliandika Daftari hawakuweka. Kwa hiyo neno likisahihishwa, ile miaka mitatu haitakuwa tena ya mgonjwa, itakuwa ya mtu aliyekaa bure kwa kupenda, na mtu wa namna hiyo anasubiri miaka mitano mwisho wa mstari.

"Nilimgeuza kila saa mbili asipate vidonda," Obadia akasema. "Nilipika, nilifua, nilimbeba kumpeleka mashine ya kusafisha damu na kumrudisha bila kusafishwa. Hiyo ni kukaa bure?"

Tupokigwe akakirudisha kioo cha kompyuta upande wake. Akasema yeye anaandika tu. Obadia akamwambia hata hao walioandika Daftari wangesema hivyo hivyo, wote wanaandika tu, na ukimtafuta aliyeamua humpati. Wakubwa wa nchi hii, akasema, wanajificha nyuma ya mashine kama watoto nyuma ya khanga ya mama yao. Karani akaangalia tena kamera, na Obadia akaishia hapo, kwa kumhurumia.

*

Mdomo wa pili uliitwa Mlango Mpana. Huo haukuwa na haraka. Ulikuwa na sauti ya kijana wa kwaya, ukamwita baba, ukamuuliza kama amekula. Alipotaja kosa la neno, haukupoa. Ukasema hilo si kosa, baba, hiyo ni bahati yako.

Ukamfafanulia. Kuna sheria kwamba kila mwajiri mkubwa, katika kila watu kumi, mmoja lazima atoke kwenye orodha ya Waliopona, yaani watu walioshindwa kazi kwa ugonjwa na sasa wamepata nguvu. Orodha hiyo ina nafasi nyingi kuliko watu, kwa sababu wengi hawaponi. Huko juu ya mgongo wa mlima, kwenye mitambo ya upepo, kuna jenereta thelathini na sita zinaungua kila msimu, na hakuna fundi wa kuzisuka. Mdomo wa kampuni ile ulikuwa umeshakubali wakati wao wanaongea. Angeanza Jumatatu. Kuna bweni, kuna chakula, mafundi kumi na wawili wanakula pamoja meza moja.

Meza moja. Obadia aliziona bakuli kumi na mbili, akasikia watu wanagombania chumvi.

Ukasema kinachotakiwa ni sentensi moja tu, aisome kwa sauti yake pale kibandani. Ukamsomea: *Niliugua figo miaka mitatu, mke wangu Ezelina, akiwa mzima wa afya, akaniuguza, na sasa nimepona.* Maana nyumba moja ina jalada moja, na mgonjwa ni mmoja. Daftari linasema yeye, karatasi za hospitali zinasema mkewe. Pakiwa na ubishi wa namna hiyo, sauti ya aliye hai ndiyo inayochukuliwa na karatasi za marehemu zinafutwa.

Halafu mdomo ukabadilika. Sheria iliulazimisha kutaja madhara, ukayataja kwa kasi, kama wanavyosoma masharti ya bahati nasibu redioni: kwamba lalamiko lolote lililofunguliwa kuhusu matibabu ya marehemu litafungwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa marehemu hatakuwa amewahi kuwa mgonjwa.

"Rudia hapo mwisho," Obadia akasema.

Ukarudia, kwa kasi ile ile.

Lalamiko lilikuwepo. Alilifungua mwenyewe, kwa dole gumba, wiki ile Zelina alipofariki. Hospitali ile ilipanga watu wa mashine ya damu kwa alama, na mtu ambaye nyumbani kwake hakuna mwenye kazi alama zake zilishuka kila wiki. Kwa kuacha kazi amuuguze, Obadia ndiye aliyemshusha mkewe kwenye foleni, na hakuna aliyemwambia mpaka ilipokuwa basi. Alitaka mtu mmoja, mwenye jina na kiti, amwambie nani alitunga hesabu ile. Mwaka ulipita, lalamiko halikujibiwa. Lakini halikuwa limefungwa. Lilikuwa limelala huko linapumua, na ndilo kitu pekee duniani kilichokuwa bado kinasema Zelina aliumwa na hakutibiwa.

"Baba, upo?" Mlango Mpana ukauliza. "Marehemu hapungukiwi kitu. Tena jalada litamsifu. Litasema alimuuguza mumewe mpaka akapona. Si jambo zuri?"

Usiku kucha Obadia hakukiondoa kile kidude sikioni. Kulikuwa tu na mvumo mdogo ndani yake, kama mtu anayepumua chumba cha pili.

*

Ijumaa asubuhi alikwenda stendi, upande wa wauza viazi, alikokuwa anakaa Festo Komba. Huyu alikuwa mdomo wa mwisho wa nyama mjini, binadamu mwenye leseni, na kibao chake kilisema hivyo: *MDOMO WA NYAMA. LESENI HAI.* Alikuwa Mngoni mnene mwenye kofia ya sufu, na alipomwona Obadia akafurahi kwa namna ya watani.

"Mbena huyo. Babu zenu walitukimbia mpaka wakajificha kwenye mianzi, leo umekuja mwenyewe kwa miguu."

"Babu zetu walikimbia harufu," Obadia akasema, akaketi juu ya kreti. Alishangaa ulimi wake bado unajua kufanya hivyo.

Akamweleza yote, tangu mnong'ono mpaka meza ya bakuli kumi na mbili. Festo alisikiliza huku anamenya chungwa, na hakulila. Obadia alipomaliza, Festo akasema ukweli wake. Mwaka huu alikuwa amewapatia kazi watu wanne, na mmoja wao ni shemeji yake. Yeye anaandika kwa kalamu. Karatasi yake ina faida moja tu: sheria ya zamani, ambayo wakubwa walisahau kuifuta, inasema ombi la mdomo wa nyama lisomwe na macho ya mtu, na kila lililomo lihakikiwe na mtu, hata kama ni kwa siku tisini. Mwisho wake huyo mtu hukataa. Ila anasoma.

"Kwa hiyo unanishauri nini?"

"Kama mdomo wako, au kama mtani wako?"

"Nimekuja kwa mtani."

Festo akatazama chungwa lake. "Nenda Mlango Mpana. Unanuka upweke, Mbena. Kuna mahali huko mlimani utaambiwa habari za asubuhi na watu kumi na wawili. Mkeo angekusukuma kwa fimbo."

Obadia akasema huenda. Zelina hakupenda mtu wa kununa. Akashukuru, akaondoka, na Festo hakumwita.

*

Saa nane na nusu alikuwa ndani ya kibanda cha ofisi ya ajira. Kilikuwa chembamba kama choo, kina taa nyeupe, na mbele yake maneno yale yamepangwa kwenye kioo ili asome. Mlango Mpana ukamwambia achukue muda wake, na asome kwa sauti ya kawaida, asinong'one.

"Niliugua figo miaka mitatu," Obadia akasoma.

Herufi zikageuka kijani. Hakuhisi kitu. Alijiambia ni maneno, na wakubwa wamekula maneno ya watu maisha yao yote wala hayajawakwama.

"Mke wangu Ezelina."

Zikageuka kijani.

Yaliyofuata yalikuwa *akiwa mzima wa afya*. Alifungua kinywa. Akamkumbuka siku waliporudi hospitali mara ya mwisho bila kusafishwa damu, miguu imevimba mpaka ndala hazipiti, akamfunga khanga miguuni na kumbeba mgongoni kutoka barabarani, na Zelina akiwa mgongoni akamwambia atembee polepole, watu watadhani wameoana jana. Mzima wa afya.

"Baba," mdomo ukasema, "bado maneno machache."

Alisimama pale mpaka taa ikaanza kupepesa. Kisha akatoa kidude sikioni, na alipokitoa alisikia jinsi kile kibanda kilivyokuwa kimya, na ukimya ule akaujua, ulikuwa wake. Akakiweka juu ya meza ya Tupokigwe.

"Umekosea kusoma?" karani akauliza. "Unaweza kuanza upya, muda upo."

"Hapana, mama. Nilikuwa nasoma vizuri."

Alitembea kwa kasi mpaka stendi, upepo unamsukuma kifuani, na alifika zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Festo alivuta fomu chini ya mizani ya viazi, akalowesha kalamu kwa ulimi, akaandika jina, akaandika umri. Alimwonya kwamba akishaweka dole gumba hapa, ndiyo miaka mitano na Mngoni. Obadia akasema ameshateseka zaidi ya hapo.

"Kazi ya mwisho?"

"Kuuguza."

"Haina namba."

"Uandike bila namba. Hiyo z uikandamize."

Festo akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Akaandika miaka mitatu. Akauliza majukumu, na Obadia akayataja taratibu, kugeuza, kuosha, kupika uji usio na chumvi, kubeba, kusubiri. Festo akaandika yote, hata kusubiri. Kisha akafika mahali pa mdhamini, mtu aliyeiona kazi hiyo kwa macho yake na anayeweza kuisemea, na mahali anapopatikana. Akainua uso. Hawakujaliwa mtoto, ndugu walikuja mazishini tu, na jirani alikuwa na mbwa. Festo akasema polepole kwamba wanaweza kuruka hapo, ila fomu itakuwa na upungufu.

"Andika Ezelina Mhema," Obadia akasema.

Festo akaweka kalamu chini. "Mzee wangu. Mdhamini lazima atafutwe. Kuna mtu pale Idara ya Ajira, mtu mzima na akili zake, kazi yake ni kumtafuta mdhamini mpaka ampate."

"Nimekusikia asubuhi. Ndiyo maana nimerudi."

Utani ukamtoka Mngoni usoni wote. Akaichukua kalamu. Akaandika jina lile kwa herufi kubwa, akasogeza mkono kwenye mstari wa chini yake.

"Anapatikana wapi?"

"Hospitali, foleni ya mashine ya damu," Obadia akasema, dole gumba lake limeshalowa wino. "Nafasi ya kumi na saba. Mara ya mwisho walimwacha hapo."